Mifumo ya mpakani ijengwe kwenye kiwanja chenye hati

KILA mfanyabiashara anajua tofauti ya kibanda kilichojengwa kwenye kiwanja cha mtu na kibanda kilichojengwa kwenye kiwanja chenye hati. Vyote viwili vinaweza kuwa na mabati mapya, kufuli imara na wateja wengi. Tofauti huonekana siku mwenye kiwanja anapouza au anapobadili mawazo. Siku hiyo ubora wa bidhaa hausaidii kitu. Kinachoangaliwa ni karatasi.

Programu za kompyuta nazo zina viwanja vyake. Simu ambayo mchuuzi wa Busia au Mutukula anapokelea malipo, mashine inayotoa risiti dukani na mfumo wa forodha unaoruhusu lori kupita Rusumo, vyote vinaendeshwa na msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa na wataalamu ili kompyuta iyafuate. Wataalamu hao hawaandiki kila kitu upya. Kazi za kawaida kama kupanga orodha, kusoma tarehe au kufungua mawasiliano ya mtandao zimeshaandikwa na wengine na kuwekwa katika mafungu yanayoitwa maktaba za programu. Mjenzi huchukua maktaba na kujenga juu yake. Mwenye maktaba ndiye mwenye kiwanja.

Suala hili linaweza kuonekana ni la mafundi wa kompyuta peke yao. Sivyo. Biashara ya mpakani katika Afrika Mashariki leo inategemea mifumo kuliko inavyotegemea mizani. Mfumo ukigoma, nyanya zinaoza kwenye foleni. Kwa hiyo mwenye nyanya ana haki ya kuuliza mfumo huo umesimama juu ya kiwanja cha nani.

Mfano mzuri wa kujifunzia umo ndani ya simu nyingi zinazovuka mipaka ya Jumuiya kila siku. Ni Android, mfumo wa simu unaosimamiwa na Google ya Marekani. Miaka kumi hivi iliyopita Google ililazimika kuing'oa maktaba muhimu iliyokuwa chini ya programu zote za Android na kuweka nyingine, tena huku simu zikiendelea kuuzwa na kutumika duniani kote. Kisa hicho kinafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu makosa yake na mafanikio yake yote yana somo.

Lugha ya kompyuta iitwayo Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Google ilipokuwa ikijenga Android ilitaka waandishi wa programu watumie Java, kwa kuwa wengi walikuwa tayari wanaijua. Mazungumzo ya leseni kati yake na Sun hayakuzaa makubaliano. Google ikaamua kwenda njia yake. Sehemu kubwa ya maktaba ikaichukua kutoka Harmony, mradi wa programu huria ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya taasisi ya Apache. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuusambaza kwa masharti yaliyoandikwa.

Ili waandishi wasipotee, majina na mpangilio wa kazi zilizomo katika maktaba hiyo vilibaki kama vya Java. Ni kama mtu anayefungua duka jipya na kupanga rafu zake kwa utaratibu ule ule wa duka maarufu la jirani: sukari hapa, sabuni pale, kwa majina yale yale, ila bidhaa zote amezinunua mwenyewe. Mteja anaingia na anajua pa kunyoosha mkono. Swali ni kama mwenye duka la kwanza anaweza kudai kwamba mpangilio wa rafu ni mali yake.

Mwenye duka la kwanza alibadilika. Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha ununuzi wa Sun, na Java ikawa yake. Agosti mwaka huo huo iliishtaki Google. Miezi miwili baadaye IBM, iliyokuwa nguzo kubwa ya Harmony, ilitangaza kwamba nguvu zake inazipeleka OpenJDK, toleo huria la Java ambalo Sun yenyewe ilikuwa imeanza kulifungua mwaka 2006. Apache nayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imeomba leseni ya majaribio ya kuthibitisha kwamba Harmony ni Java kamili, bila kupewa isipokuwa kwa masharti yaliyobana mahali programu hiyo ingeweza kutumika. Desemba 2010 ilijitoa katika kamati inayoongoza maendeleo ya Java. Novemba 2011 mradi wa Harmony ukafungwa.

Android ikabaki imesimama juu ya nyumba ambayo wapangaji wengine wote wamehama. Msimbo wa Harmony haukufutika, na leseni yake iliendelea kuwa halali. Lakini kazi ya kuutunza, kuziba nyufa na kuufikisha kwenye matoleo mapya ya Java ilibaki mikononi mwa Google. Wakati huo OpenJDK ilikuwa inaendelezwa na kampuni nyingi, Oracle yenyewe na IBM zikiwamo.

Desemba 2015 Google ilithibitisha kwamba toleo lililokuwa likiandaliwa la Android lingehamia OpenJDK. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwa na msingi mmoja wa msimbo ambao waandishi wa programu wanauelewa na ambao Google nayo ingeuchangia. Agosti 2016 toleo hilo, Android 7.0, lilitoka. Leseni ya OpenJDK inamtaka anayeibadili maktaba na kuisambaza aweke mabadiliko yake wazi pia, lakini ina kipengele kinachomruhusu anayejenga programu juu ya maktaba hiyo kubaki na siri ya programu yake mwenyewe. Yaani njia ni ya wote, na mzigo wa kila mpita njia unabaki wake.

Kuhama hakukufuta kesi. Oracle ilidai karibu dola bilioni 9 kwa yaliyopita. Shauri lilipanda na kushuka mahakamani kwa zaidi ya miaka kumi, likishinda huyu na kugeuzwa kwa yule, hadi Aprili 5, 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba Google ilitumia majina na mpangilio huo kwa njia ambayo sheria inairuhusu. Mistari iliyobishaniwa ilikuwa kama 11,500 kati ya mistari milioni 2.86 ya maktaba nzima ya Java. Ni chini ya nusu ya asilimia moja. Kampuni yenye mawakili wa kutosha na fedha za kutosha ilisumbuliwa kwa muongo mzima na sehemu ndogo kiasi hicho. Wizara au mamlaka ya mapato katika nchi ya Afrika Mashariki isingestahimili kesi kama hiyo.

Somo la kwanza ni kwamba karatasi hutangulia matofali. Leseni ikiachwa kuzungumzwa baadaye, baadaye hiyo huja na mwenye mali mpya ambaye hakuwapo wakati wa mazungumzo ya kirafiki. Sun iliyoiona Android ikizinduliwa haikuwa Oracle iliyokwenda mahakamani. Kampuni huuzwa na wakurugenzi hubadilika. Kinachobaki ni kilichoandikwa.

Somo la pili ni kwamba neno huria peke yake halitoshi. Harmony ilikuwa huria na ilikufa, kwa sababu ilitegemea mno mfadhili mmoja, naye alipoondoka hakupatikana wa kushika nafasi yake. Aprili 2014 dunia ilishtushwa na kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya tovuti nyingi, za benki zikiwamo, huku ikitunzwa na watu wachache sana. Desemba 2021 yakatokea kama hayo kwa Log4j, maktaba ndogo ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, iliyokuwa ikitunzwa na watu wa kujitolea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msimbo ulio wazi unamruhusu kila mtu kuuona ufa, lakini ni lazima awepo mtu anayelipwa kuuziba.

Somo la tatu linatia moyo: kuhama kunawezekana bila kufunga duka. Kwa sababu majina na mpangilio wa maktaba vilibaki vile vile, programu zilizokuwapo kwa jumla ziliendelea kufanya kazi juu ya msingi mpya, na wenye simu wengi hawakujua kwamba kuna kilichobadilishwa. Faida imeendelea. Kuanzia Android 12 maktaba hiyo inaweza kusasishwa kupitia masasisho ya Google Play bila kusubiri mtengenezaji wa simu atoe toleo jipya zima. Mfanyabiashara mwenye simu ya miaka michache iliyopita anaweza kupata maktaba mpya bila kununua simu nyingine.

Masomo haya yana uzito gani kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Uganda, Rwanda na Burundi zinatumia ASYCUDA World, mfumo wa forodha uliojengwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, na Kongo inautumia kwa jina lake la Kifaransa, SYDONIA. Tanzania iliacha ASYCUDA na kuingia TANCIS mwaka 2014. Kenya ilianza na Simba mwaka 2005, mfumo uliotokana na ule wa forodha ya Senegal, kisha ikahamia iCMS. Kwenye risiti za kodi hali ni hiyo hiyo: Tanzania ina EFD, Rwanda ina EBM, Uganda ina EFRIS, Kenya ina eTIMS. Kila nchi ina mfumo wake, masharti yake na majina yake ya vitu vile vile. Gunia la mahindi likivuka daraja linabadilishiwa jina mara mbili kabla halijafika sokoni.

Hakuna anayedai kwamba nchi zote zivunje mifumo yao na kununua mmoja. Mamlaka za mapato zina sheria tofauti, na mfumo mmoja mkubwa ukigoma ungeifunga mipaka yote kwa pamoja. Linalowezekana, na kisa cha Android kinalionyesha, ni kuafikiana juu ya mpangilio wa rafu. Taarifa za ankara, cheti cha asili ya bidhaa na tamko la forodha zinaweza kupewa majina na utaratibu mmoja, ukachapishwa wazi, na maktaba za kusoma na kuandika taarifa hizo zikawekwa chini ya leseni huria ili yeyote azitumie. Mwandishi wa programu wa Kisumu angeandika mara moja, na programu yake ikaongea na mifumo ya Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Mwenye kununua chini ya dola 2,000, anayestahili cheti rahisi cha asili ya bidhaa, angekijaza kwenye simu yake kwa njia ile ile mpaka wowote.

Jambo la pili ni mikataba. Kila serikali inaponunua mfumo kwa kodi ya wananchi, mkataba useme wazi nani anamiliki msimbo, nani ana ruhusa ya kuubadili, na nini kinatokea kampuni ikiuzwa au ikifilisika. Serikali ipate nakala ya msimbo pamoja na haki ya kuipa kampuni nyingine kazi ya kuutunza. Bila haki hiyo, bei ya zabuni ya kwanza ni chambo tu. Gharama halisi huja mwaka wa tatu, pale ambapo mtunzaji ni mmoja na anajua kwamba hakuna mwingine wa kumpelekea kazi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Eneo hili lina uzoefu wa gharama ya kuchelewa kushika hati. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, lakini jina lake na uendelezaji wa mfumo wake vilikuwa vya Vodafone ya Uingereza. Mitambo iliyokuwa ikiiendesha ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya. Aprili 2020, miaka 13 baada ya kuzinduliwa, ndipo Safaricom na Vodacom zilipokamilisha kwa ubia ununuzi wa jina hilo pamoja na kazi ya kuuendeleza mfumo. Hayo yalikuwa makubaliano halali ya kibiashara na kila upande ulipata chake. Hata hivyo huduma ambayo mama ntilie na mwenye maduka ya jumla waliifanya kuwa mfuko wao ilichukua muda mrefu kumilikiwa karibu na wanaoitumia.

Wapo watakaopinga kwamba kuuweka msimbo wazi ni kuwafungulia wezi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini msimbo wa msingi wa Android wenyewe uko wazi, na mabilioni ya watu wanautumia kutunza fedha zao. Kufuli nzuri ni ile ambayo fundi yeyote anaweza kuichunguza na bado asiifungue bila ufunguo. Siri hukaa kwenye funguo, nywila na taarifa za wateja, na hizo hakuna anayeomba zichapishwe. Wengine watasema kampuni binafsi zina haki ya kutunza walichokibuni. Ni kweli, na haki hiyo iheshimiwe. Kinachozungumzwa hapa ni mifumo ya umma na maktaba za kuunganishia, ambazo mfanyabiashara analazimishwa na sheria kuzitumia.

Hoja yenye nguvu zaidi ya wapinzani ni ya matunzo: nani atalipa? Jibu linaanza na mfano uliopo. DHIS2, mfumo huria wa taarifa za afya ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ulioandikwa kwa Java, ulienezwa Kenya nchi nzima mwaka 2011, na unatumika Uganda, Tanzania na Rwanda. Nchi hizo zina vikundi vya wataalamu wa hapa hapa wanaoufahamu msimbo wake na wanaoweza kuurekebisha bila kumsubiri mgeni apande ndege. Kama zahanati zinaweza kuhesabu chanjo kwa mfumo wa namna hiyo, ofisi ya forodha inaweza kuhesabu magunia. Lakini bajeti ya matunzo iandikwe kila mwaka, kama inavyoandikwa bajeti ya kuziba mashimo ya barabara, na igawanywe na nchi zote zinazotumia maktaba hizo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Harmony iliangushwa na kidole kimoja kilichoondoka.

Wafanyabiashara nao wasikae kusubiri Arusha. Vyama vyao vinapokaa na mamlaka za mapato kwenye vikao vya mpakani, mifumo iwe ajenda kama zilivyo tozo na vizuizi vya barabarani. Na kila mmoja anayenunua programu ya duka, ya stoo au ya malipo aulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Je, mauzo na madeni yake yanaweza kutolewa yote kwenye faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma? Muuzaji akifunga ofisi, programu itaendelea kufanya kazi? Na nani mwingine, mbali na muuzaji huyo, anaweza kuitengeneza ikiharibika? Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofungiwa ndani ya programu ya mtu mwingine haliko mbali na kupotea.

Wataalamu wa vyuo vikuu na kampuni changa za Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam wana nafasi yao pia. Msimbo ukiwa wazi, zabuni ya kuutunza inaweza kuombwa na kampuni ya vijana wanne wenye ujuzi. Ukifungwa, kazi hiyo ina mwombaji mmoja, na kwa kawaida haishi hapa.

Himaya moja ya forodha ya Jumuiya ilianza kutekelezwa mwaka 2014. Tangu hapo mengi yameandikwa kuhusu barabara, mizani na vituo vya pamoja vya mpakani, na fedha nyingi zimetumika kujenga majengo yake. Mifumo iliyomo ndani ya majengo hayo haijapewa uangalizi kama huo. Mawaziri wanaohusika na biashara, fedha na mawasiliano wanapaswa kuweka mezani mambo matatu: majina na mpangilio mmoja wa nyaraka za biashara uliochapishwa wazi, haki ya msimbo katika kila mkataba mpya wa mfumo wa umma, na mfuko wa pamoja wa matunzo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kuvunja kilichopo.

Google iliweza kuhama kwa sababu OpenJDK ilikuwa tayari, ina wenyeji wengi, na leseni yake ilijulikana kabla. Jumuiya ikianza kuandaa msingi wa namna hiyo leo, siku mwenye mfumo mmoja atakapopandisha bei au kufunga ofisi, malori yatapita. Isipoandaa, foleni ya siku hiyo itawakuta wenye nyanya, maziwa na samaki, watu ambao hawakushirikishwa wakati mkataba unasainiwa.